Handaki

Betri zetu kumi na sita tumezipanga chini,
kwenye handaki lile lile tulilojificha utotoni
mabomu yalipokuwa yakihesabu madirisha ya Beirut.
Hatukuwa na mahali pengine. Roshani zimejaa mapipa ya maji,
na paa limelaliwa na paneli za jua
zilizobanana kama foleni ya mkate.

Mimi ndiye mweka hazina wa jengo.
Kazi isiyo na ahsante: nimegombana na kila mlango.
Orofa ya pili walisema lifti haiwahusu, hawatailipia.
Orofa ya saba wakajibu, basi njooni mtubebee mitungi ya gesi.
Bwana Nakhle alilipa nusu kwa dola, nusu kwa ahadi,
na ahadi haiwashi taa.

Hata hivyo zilifika.
Fundi Hrant alizishusha ngazi kwa ngazi,
kila moja nzito kama ndama aliyegoma njiani,
akaziunga kwa nyaya nene kama kidole gumba,
akaniambia: "Hizi si jenereta. Hazina kelele.
Ukizikosea hazitakugombeza. Zitanyamaza tu."

Tukabandika sheria mlangoni.
Baada ya saa nne usiku, lifti hapana.
Mashine ya kufulia hapana. Birika la umeme, hapana kabisa.
Ikifika asilimia ishirini, kila mtu ajue
amebaki na taa moja na akili zake.
Sheria nzuri. Siku ya pili aliivunja mama yangu, kwa pasi.

Januari ile mvua haikubanduka mlimani siku nne.
Umeme wa serikali ulikuja Jumanne, dakika arobaini,
ukaondoka bila kuaga, kama mgeni aliyekosea nyumba.
Mwenye jenereta wa mtaa naye dizeli ilimwishia.
Usiku simu yangu ikaonyesha: ishirini na tatu.
Ishirini na mbili.
Na orofa ya tano mashine ya oksijeni ya Bwana Toufic
ilikuwa ikipumua kwa niaba yake.

Nilishuka na tochi. Sijui nilikwenda kufanya nini;
betri haibembelezwi.
Nikakaa juu ya ndoo, mbele ya vitaa vyake vya kijani.
Ukutani bado ipo mistari yetu ya penseli,
siku tulizohesabu, mitano mitano,
na jina la dada yangu Hoda, herufi moja imegeuka kisogo.
Wakati ule tuliliomba giza litufiche.
Usiku huu tuliliomba litusubiri.

Ishirini na moja.
Nikapiga hesabu: mzigo wa jengo, saa zilizobaki, alfajiri.
Hesabu ikakataa.
Kisha mzigo ukaanza kupungua.
Kwenye kioo cha mashine tarakimu ziliteremka,
wati mia, halafu mia na hamsini,
nikajua: hilo ni friji la Nakhle.
Hilo la pili ni la wale wasiopanda lifti.
Na hizo wati tisa, taa ya mama yangu ya kusalia.
Sikumpigia mtu simu. Sikubisha hodi popote.
Habari ilipanda ngazi yenyewe, kama harufu ya kitunguu,
na jengo zima likabana pumzi
ili mtu mmoja avute yake.

Saa kumi na mbili na robo ilikuwa nane.
Jua halikuja na tarumbeta;
mwanga hafifu tu, rangi ya maji ya mchele,
na paneli zikaanza kulamba kilichopatikana:
wati sitini. Themanini. Sitini tena.
Toufic alikuwa hai, na mkali,
akiuliza ni nani aliyezima lifti.

Nakhle alinikuta ngazini, jibini imemlegea mkononi.
"Imeharibika," akasema. "Nani atanilipa?"
Nikafungua daftari, kwenye ukurasa wa deni lake,
nikaandika: jibini, nusu ratili.
Imelipwa.